Reli na Miji Yetu Midogo: Habari za Gari la Moshi Lililokoma Likarudi



Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, ni desturi yetu kuweka katika kijitabu hiki habari moja ya zamani, ili wazee wakumbuke na vijana wapate kujifunza. Safari hii tumechagua habari za reli, na sababu si moja. Kwanza, wengi wetu tumetoka katika miji midogo iliyozaliwa na reli: wengine Voi na Makindu, wengine Karatina na Naromoru, wengine Londiani na Muhoroni. Pili, vyama vya namna ya chama chetu vilianzishwa na watu walioshuka garini na mizigo yao, wasio na ndugu mjini, wakaona ni heri washikane mikono. Tatu, tangu mwaka wa 2017 magari ya abiria yamerudishwa katika njia kadhaa zilizokuwa zimekufa au zimechakaa, nasi tulifurahi kwa jambo hilo; lakini katika mazungumzo yetu limezuka swali lisilopata jibu: gari limerudi, mbona mji haukurudi?

Swali hili si la mzaha. Linahusu wazazi wetu walioko nyumbani, mashamba yao na maduka yao, na fedha ambazo sisi tulioko mjini huzipeleka kila mwezi kwa kuwa kazi huko ni haba. Tumeona ya kwamba jibu lake limo katika historia, nasi twalitaja mapema ili msomaji ajue tunakokwenda: mji mdogo hauishi kwa reli kupita, bali huishi kwa gari kusimama. Mambo yote yanayofuata ni maelezo ya neno hilo moja.

I. STESHENI ZA MAJI NA KUNI

Reli ya kwanza ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Urefu wake ulikuwa zaidi ya maili 580, yaani kilomita 940 hivi. Wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Habari za simba wa Tsavo wa mwaka wa 1898 zimesimuliwa mara nyingi hata zikafunika habari nyingine, basi hatutazirudia hapa.

Tunalotaka lifahamike ni jinsi mahali pa stesheni palivyochaguliwa. Serikali ya Kiingereza haikujenga reli ile kwa ajili ya Taru, wala Kenani, wala Kiu. Nia yake ilikuwa kufika ziwani na Uganda. Lakini injini ya mvuke ina njaa na kiu. Ilikula kuni na kunywa maji mengi, wala haikuweza kwenda mbali bila kujaziwa tena. Isitoshe, reli yenyewe ilikuwa ya njia moja. Magari mawili yakikutana hayakuweza kupishana ila mahali palipotandikwa njia ya pili pembeni, naye dereva hakuruhusiwa kuondoka mpaka stesheni masta ampe kibali cha kuendelea. Kwa hiyo kila baada ya maili chache ilibidi pawe na stesheni, watu wapende wasipende. Msafiri aliyetoka Pwani alihesabu Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, Voi, Ndi, Tsavo, Kenani, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Simba, Emali, Sultan Hamud, Kiu, Ulu, Konza na Athi River, na hizo si zote.

Penye stesheni palikuwa na watu wenye mshahara: stesheni masta, karani wa tikiti, karani wa simu, mtu wa kugeuza njia, na gengi la watengeneza reli waliokaa katika nyumba za landi pamoja na jamaa zao. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuja kila mwezi, na mahali pengi ndizo zilizokuwa fedha taslimu za kwanza kuonekana. Penye fedha hufunguliwa duka, na penye duka huja mtu wa kuuza maziwa, fundi wa cherehani na mwashi. Makindu, iliyokuwa na karakana ya injini, ni mfano mwema: Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao hapo mwaka wa 1926, na tangu zamani msafiri wa dini yoyote hupewa chakula humo bila malipo.

Basi tusijidanganye kwamba miji hii ilizaliwa kwa kupendwa. Ilizaliwa kwa sababu injini haikuwa na hiari. Ililazimika kusimama, na kwa kusimama kwake watu wakapata riziki.

II. MATAWI, NA MIJI ILIYOACHWA KANDO

Baada ya njia kuu yalifuata matawi. Thika ilifikiwa mwaka wa 1913. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli ilitolewa Voi kuelekea Taveta kwa haja ya majeshi. Eldoret ilifikiwa mwaka wa 1924, na njia hiyo ikaendelea hata Kampala mwaka wa 1931. Mwaka wa 1930 tawi la Thika lilifika Nanyuki, na katika mwaka huo huo tawi la Kisumu likafika Butere, likipita Maseno, Luanda na Yala.

Ni lazima tuseme wazi ya kwamba matawi mengi yalipita katika mashamba ya walowezi, kwa kuwa mahindi yao na mkonge wao ndivyo vilivyotakiwa kufika bandarini. Nchi za Waafrika zilipata reli mara chache, na mara nyingine kwa bahati tu, kwa kuwa zilikuwa njiani. Hata hivyo watu wetu walijua kuitumia bahati hiyo. Karatina ilikuwa kwenye njia, na soko lake likakua hata likawa miongoni mwa masoko makubwa ya nchi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilijengwa hapo kiwanda cha kukausha mboga za majeshi, nao wakulima wa Kiafrika wakailisha mitambo yake. Vita ilipokwisha kiwanda kilifungwa, na uchungu wa wakulima haukusahaulika upesi. Lakini ujuzi wa kulima mboga kwa ajili ya soko la mbali ulibaki mikononi mwao.

Kwa upande mwingine, Nyeri, uliokuwa mji wa serikali, haukufikiwa na reli. Stesheni yake iliwekwa Kiganjo, mwendo wa kilomita kumi hivi, na Kiganjo iliyokuwa si kitu ikawa mji.

Londiani watufundisha somo la namna nyingine. Kabla ya mwaka wa 1924, mtu aliyekwenda Eldoret alishuka Londiani, akapakia mizigo yake katika magari ya ng'ombe, akapanda nayo uwandani kwa siku nyingi. Wenye ng'ombe, wenye maduka na wenye nyumba za kulala wageni walishiba kwa safari hizo. Reli ilipofika Eldoret kwa njia nyingine, magari ya ng'ombe yalikoma, na Londiani ikabaki stesheni kama stesheni nyingine. Na Kisumu yenyewe, iliyokuwa mwisho wa njia kuu, ilikuwa tawi tangu mwaka wa 1931, kwa kuwa mizigo ya Uganda sasa ilipita Eldoret. Reli haikung'olewa Londiani wala Kisumu. Kilichoondoka ni sababu ya watu kushuka hapo.

III. BIASHARA YA DIRISHANI

Wazee wetu waliosafiri daraja la tatu wanajua tunalosema. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika alikaa kwenye bao, amebanana na wenzake, na vikapu miguuni. Hatulitamani jambo hilo lirudi. Lakini katika mabehewa yale ya taabu ndimo biashara ya miji midogo ilimofanyika.

Gari lilipokaribia, mji wote ulijua. Mlio wake ulikuwa saa ya watu wasio na saa. Akina mama walisimama kwenye jukwaa na mabakuli ya mayai ya kuchemsha, ndizi, mahindi ya kuchoma, maembe kwa majira yake, na chai katika birika. Abiria alitoa mkono dirishani, fedha ikashuka na chakula kikapanda. Dakika kumi za kusimama zilitosha mama kupata karo ya mtoto kidogo kidogo, mpaka muhula ukatimia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kisha lilikuwako behewa la mizigo. Humo mlipakiwa kuku katika matenga, magunia ya viazi na kabichi, na kila mzigo ulikuwa na karatasi ya jina la mpokeaji. Mtu asiye na gari wala punda aliweza kuuza mazao yake Nairobi, akabaki nyumbani kulima. Nasi tuliokuwa Nairobi tulipokea vikapu kutoka kwa mama zetu, tukarudisha sukari, sabuni na nguo. Barua za nyumbani zilikuja hivyo hivyo, na vijana waliokwenda shule za mbali walisindikizwa hata stesheni na ukoo mzima.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Gari la abiria lilikuwa mgeni wa kila siku, na mwenyeji alipona kidogo kila siku. Faida ya mtu mmoja haikuwa kubwa hata ikaandikwa katika vitabu vya hesabu. Labda ndiyo sababu haikuhesabiwa siku ilipoondolewa.

IV. JINSI GARI LILIVYOKOMA

Kufa kwa reli ya abiria hakukuwa kwa siku moja, wala mkosaji si mmoja. Tunaweza kuyapanga mambo yenyewe hivi.

La kwanza ni injini yenyewe. Injini za dizeli zilichukua mahali pa injini za mvuke, na kufikia miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kazi. Dizeli haihitaji tangi la maji kila baada ya maili chache. Tangu hapo kusimama katika mji mdogo kukawa ni hiari, na jambo la hiari huulizwa faida yake.

La pili ni barabara. Lami ilienea, na mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni zilizodaiwa kabla. Matatu iliondoka wakati wowote na kumfikisha mtu karibu na mlango wake. Hatuwezi kuwalaumu watu wetu kwa kuipenda.

La tatu ni kuvunjika kwa ushirika. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa la nchi tatu, na Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 mali iligawanywa. Shirika la Reli la Kenya lilianzishwa mwaka wa 1978, likarithi njia ndefu na fedha chache. Mwaka wa 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo ulivunjwa mwaka wa 2017.

Katika muda huo matawi yalinyamaza moja baada ya jingine. Gari la abiria la Kisumu lilikoma mwaka wa 2012. Njia ya Nanyuki ilikaa miaka mingi bila gari, nyasi zikaota kati ya mataruma. Gari la usiku la Mombasa liliendelea kwa shida, likichelewa saa nyingi, hata mwezi wa Aprili 2017 likafanya safari yake ya mwisho katika reli ya zamani.

Miji haikufa siku hiyo, lakini ilibadilika. Iliyokuwa kando ya barabara kuu ilihama, maduka yakageuza milango yake kutazama malori. Iliyokuwa mbali na lami ilibaki na majengo ya mawe yenye jina la stesheni ukutani na mbuzi kwenye jukwaa. Vyuma viliibwa vikauzwa kama chakavu. Hifadhi ya reli ikawa shamba, kisha kibanda, kisha nyumba. Watu waliojenga hapo hawakuwa wezi wote. Wengi walikuwa wakitafuta mahali pa kuishi katika nchi iliyoonekana haina mwenyewe.

V. KURUDI KWA NAMNA TATU

Sasa tumefika kwenye swali letu. Magari ya abiria yamerudi kwa namna tatu, na kila namna imekuwa na matunda yake.

Namna ya kwanza ni reli mpya. Njia pana kutoka Mombasa hata Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Safari iliyochukua usiku mzima na zaidi sasa ni ya saa tano hivi, na hakuna mtu mwenye akili atakayeidharau hatua hiyo. Lakini gari la haraka halikuwekewa miji midogo. Miji hiyo ilipewa gari la pili, linalosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, yaani stesheni saba mahali pa makumi ya zamani. Mwanafunzi wa Voi au mgonjwa wa Kibwezi anayekwenda hospitali kubwa amepata nafuu ya kweli. Lakini Makindu, pamoja na karakana yake ya zamani, haikupata stesheni. Wala Sultan Hamud, wala Konza, wala Mackinnon Road.

Hata pale gari linaposimama, biashara ya dirishani haipo tena. Madirisha hayafunguki, jukwaa limezungushiwa ua, na abiria hununua chakula katika behewa la chakula. Mama wa mayai amebaki nje ya ukuta. Pesa ya msafiri inapita katika mji kwa mwendo wa kasi sana, wala haishuki. Tena mwanzo wa mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hata Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na mchuuzi mdogo alirudi kupiga hesabu zake upya.

Namna ya pili ni kufufua njia ya zamani, kama ilivyofanywa Nanyuki. Reli ya mwaka wa 1930 ilitengenezwa, vijana wa Huduma ya Taifa kwa Vijana wakishiriki kazi, na mwezi wa Desemba 2020 gari la abiria likaondoka Nairobi likapita Thika, Makuyu, Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naromoru hata Nanyuki. Watu walitoka majumbani kulitazama. Wazee walilitambua na watoto waliliona mara ya kwanza. Gari hili ni la polepole, lakini husimama katika miji ile ile ya zamani, na madirisha yake hufunguka. Hapa mwenyeji ana nafasi ya kupona.

Lakini tutazame ratiba. Lilipoanza, gari hilo lilipanda siku ya Ijumaa na kushuka siku ya Jumapili, mara moja kwa juma. Ratiba ya namna hiyo yamfaa nani? Yatufaa sisi tulioko Nairobi, tunaotaka kwenda nyumbani mwisho wa juma na kurudi kazini Jumatatu. Yamfaa mtalii anayekwenda kuutazama Mlima Kenya. Mkulima wa Karatina haimfai sana, kwa kuwa kabichi haingoji Jumapili, na soko la Nairobi hununua kila siku alfajiri. Mgeni ajaye mara moja kwa juma hupikiwa chakula kizuri, lakini mwenyeji hawezi kuishi kwa ugeni wake. Hakuna atakayejenga banda la kuhifadhia mboga kwa ajili ya gari la siku moja, wala kijana hatakopa fedha afungue hoteli karibu na jukwaa lisilo na watu siku tano.

Namna ya tatu ni ya Kisumu. Mwezi wa Desemba 2021, baada ya miaka tisa ya ukimya, gari la abiria lilirudi ziwani kwa njia ya zamani, likiondoka Nairobi Ijumaa jioni na kufika asubuhi. Kwa ndugu zetu wanaokwenda nyumbani kwa Krismasi, wakati nauli za basi hupanda bila huruma, gari hilo lilikuwa rehema. Lakini gari la usiku hupita katika miji mingi wakati imelala. Abiria wa Molo, Londiani au Muhoroni huteremka gizani, wakati mchuuzi hayupo na duka limefungwa. Historia ya Londiani yajirudia: reli ipo, gari lapita, na sababu ya mji kuamka haijapatikana bado.

Kwa hiyo swali la wanachama lina jibu. Mji haukurudi kwa kuwa kilichorudishwa ni safari, wala si kituo. Safari ni ya anayeanza na anayefika. Kituo ni cha mwenyeji. Njia ya Nanyuki ndiyo iliyokaribia kuvirudisha vyote viwili, na kilichopungua hapo si chuma bali ni siku.

VI. WALIOTOZWA GHARAMA

Haitakuwa haki tukisimulia faida na kuwaacha waliolipa. Ili reli irudi, hifadhi yake ilibidi ifunguliwe, na waliojenga au kuuza bidhaa juu yake walitakiwa kuondoka. Kibera, jijini Nairobi, jambo hilo lilifanywa kwa mpango: watu wa kando ya reli walihesabiwa, wakajengewa nyumba na vibanda vya biashara karibu na hapo. Mpango ulichukua miaka mingi na ulikuwa na manung'uniko yake, lakini watu walihesabiwa kwanza.

Kibos, karibu na Kisumu, haikuwa hivyo. Mwezi wa Februari 2021, nyumba za watu wa jamii ya Wanubi zilibomolewa ili kufungua njia ya reli, na watu zaidi ya 3,000 walibaki bila makao. Jamii hiyo ilikuwa imekaa hapo tangu siku za ukoloni. Msafiri aliyefurahi kufika Kisumu mwezi wa Desemba alipita juu ya ardhi hiyo. Nasi tuliofurahi tunapaswa kulijua jambo hilo.

Gharama nyingine hutokana na kuisahau reli. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji mengi yalivunja kizuizi yakateremka juu ya vijiji na kuua watu zaidi ya 40. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji hayo yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa kuwa kalvati iliyopitisha mto chini yake iliziba kwa takataka na magogo. Zamani gengi la reli lilikagua kila daraja na kila kalvati, maili kwa maili, na hasa kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingine hata nafasi ya kujenga ukuta haipatikani. Reli ikiisha kujengwa haiwezi kuachwa tu. Ama itunzwe, ama itawadhuru walio chini yake.

VII. MASHAURI KWA WANACHAMA NA WAZEE

Chama chetu hakina nguvu ya kujenga reli. Lakini tuna wazee wanaosikilizwa, tuna vijana waliosoma, na tuna haki ya kuandika barua na kuhudhuria mabaraza. Na katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya umma. Basi tunaweka mbele yenu mashauri haya.

Moja, tunaposikia habari ya gari kurudishwa katika njia yoyote, tusiridhike na kuuliza litaanza lini. Tuulize litasimama wapi, saa ngapi, na siku ngapi kwa juma. Ombi la siku moja zaidi katikati ya juma laweza kuwafaa watu wetu kuliko ombi la mabehewa mapya.

Mbili, tuombe behewa la mizigo midogo lirudishwe katika magari ya abiria, ili mkulima apeleke gunia lake bila kusafiri nalo. Vyama vya ushirika vya nyumbani viwe tayari kukusanya na kupima, maana mizigo ya mtu mmoja mmoja haijazi behewa.

Tatu, tuombe mahali pa halali pa wachuuzi katika kila stesheni ndogo, penye paa na maji, ndani ya ua na si nje yake.

Nne, wazee wa kila mji wapate kujua mipaka ya hifadhi ya reli na kuwaonya vijana mapema wasinunue wala kujenga humo. Na pale watu walipokwisha kukaa, tushikilie kwamba wahesabiwe na wapewe mahali pengine kabla ya kubomolewa.

Tano, kazi ya kutunza njia na kalvati wapewe vijana wa mahali hapo kwa mshahara wa kudumu. Wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuona ufa, na mshahara wao utarudi katika maduka ya mji, kama mishahara ya magengi ilivyofanya zamani.

Ndugu wanachama, wazee wetu walipata stesheni kwa sababu ya kiu ya injini. Injini za leo hazina kiu hiyo, na hakuna kitakachozilazimisha kusimama ila sauti za watu. Katibu amekwisha kuagizwa kupokea kutoka kwa kila tawi majina ya stesheni za nyumbani, hali ya majengo yake, siku za soko, na saa ambazo gari likisimama litawafaa watu. Tunaomba majibu hayo yafike kabla ya mkutano mkuu, ili barua yetu iende ikiwa na hoja, si malalamiko matupu.